Santuri ya kwanza au toleo jipya: ulinganisho kwa msikilizaji wa Lubumbashi

Mwalimu mmoja mstaafu wa komini ya Katuba, ambaye mimi humwita Papa kwa sababu ya umri wake na kwa sababu aliwafundisha kaka zangu wawili kusoma, alinijia kiangazi hiki akiwa na santuri moja aliyoifunga ndani ya foronya. Ilikuwa santuri ya jazi ya lebo ya Blue Note, ambayo mdogo wake aliileta kutoka Brussels katika miaka ya 1960, wakati mji wetu ukiitwa bado Élisabethville. Papa alikuwa amesikia kwamba santuri hiyohiyo imetolewa upya Marekani, kwa vinaili nzito, kutoka kwenye mkanda wa asili, na kwamba wenye kuisifu wanadai inaipita ile ya kwanza. Alitaka kujua kama madai hayo ni ya kweli, na kama ni ya kweli, je, auze ya kwake anunue mpya, maana kulikuwa na mtu wa Ulaya aliyekwisha kumtajia bei. "Mtoto wangu," alisema, "usinijibu kama muuzaji."

Nilimjibu kwa maneno machache siku ile. Hapa najibu kwa kirefu, kwa kuwa si yeye peke yake anayeuliza, na kwa kuwa jibu fupi nililompa lilikuwa na upungufu.

Umri wa santuri peke yake hauamui kitu. Kinachoamua ni njia ambayo sauti ilipita kutoka kwenye mkanda wa studio hadi kwenye mfuo, yaani mstari uliochongwa ambamo sindano hupita: ni mkanda upi uliotumika, nani aliuchonga mfuo, kalibu ya kufyatulia ilikuwa imechoka kiasi gani, na nakala yenyewe imepitiwa na sindano za namna gani tangu itoke kiwandani. Kwa muziki wa Marekani na Uingereza, njia ya toleo jipya lililotengenezwa kwa uangalifu mara nyingi huwa safi kuliko ile ya nakala kuukuu ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuimudu. Kwa muziki wetu wa Kongo hali hugeuka, na hugeuka kwa namna ambayo wapenzi wengi wa santuri wa Ulaya hawaitilii maanani.

Njia ya sauti

Santuri huanza kama sahani ya alumini iliyopakwa laka. Mkanda wa asili hupigwa, na mashine ya kuchonga hukata katika laka hiyo mfuo mmoja mrefu unaozunguka kutoka ukingoni kuelekea katikati. Sahani hupakwa fedha kisha nikeli, na nikeli ikibanduliwa hupatikana umbo la kinyume ambalo mafundi huliita baba. Baba huzaa mama, mama huzaa kalibu, na kalibu ndiyo inayofyatua vinaili katikati ya joto na shinikizo kubwa. Kalibu moja hufyatua santuri elfu moja hivi, pengine zaidi pale kampuni inapobana matumizi, kabla kingo za mifuo hazijaanza kulika. Kwa hiyo nakala ya mwanzo na nakala ya mwisho za kalibu hiyohiyo hazilingani, ingawa wauzaji huziita zote mbili toleo la kwanza na kuzitoza bei moja.

Toleo la kwanza lina sifa moja isiyoweza kununuliwa leo, nayo ni kwamba mkanda ulikuwa mbichi. Mkanda wa sumaku hupoteza sauti za juu kidogo kidogo kadiri unavyopigwa na kadiri miaka inavyopita. Mikanda ya asetati ya miaka ya 1950 hukauka na kukatika ovyo, na mingi ya miaka ya 1970 ina gundi inayonyonya unyevu mpaka mkanda unanata kwenye mashine, hata ikalazimu kuuoka kwa saa kadhaa katika joto linalozidi kidogo nyuzi 50 ili uweze kupigwa tena. Kuna na mikanda isiyokuwepo kabisa. Moto uliozuka tarehe 1 Juni 2008 katika eneo la Universal huko California uliteketeza ghala la mikanda ya asili, na mkanda uliogeuka majivu hauchongwi na fundi yeyote.

Toleo jipya nalo lina sifa yake, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa: fundi wa leo hachongi kwa ajili ya gramafoni duni. Katika miaka ya 1950 na 1960 kampuni ziliogopa kurudishiwa santuri na wateja ambao sindano zao ziliruka kila besi ilipopiga kwa nguvu. Kwa sababu hiyo mafundi walipunguza besi na kuubana muziki ili sauti ya chini na ya juu zikaribiane. Mfano unaotajwa sana ni albamu ya pili ya Led Zeppelin, ya mwaka 1969. Robert Ludwig aliichonga kwa nguvu zote. Baadaye ikadaiwa kwamba sindano za gramafoni rahisi zilikuwa zikiruka, ikachongwa upya kwa upole. Nakala za mchongo wake, zinazotambulika kwa herufi RL zilizokwaruzwa karibu na lebo, hutafutwa mpaka leo, na mimi sijasikia toleo jipya linalozifikia kwa uzito wa ngoma. Lakini zingatia kwamba aliyenunua albamu hiyohiyo baada ya mchongo kubadilishwa naye ana santuri ya zamani, na ya kwake haina utukufu wowote.

Upande wa pili kuna Kind of Blue ya Miles Davis, ya mwaka 1959. Mashine iliyorekodi kikao cha kwanza ilikuwa ikizunguka polepole kidogo kuliko ilivyopasa, kwa hiyo mkanda ulipopigwa kwa mwendo sahihi, vipande vitatu vya upande wa kwanza vilitoka vikiwa juu kidogo ya sauti yao halisi. Kosa hilo lilikaa katika kila santuri ya kwanza kwa zaidi ya miaka 30, hadi liliposahihishwa katika matoleo ya miaka ya 1990 kwa kutumia mkanda wa mashine ya pili iliyokuwa ikienda sawasawa. Mpiga gitaa aliyejaribu kufuatisha santuri ya zamani bila kugusa nyuzi zake anajua adha hiyo. Hapa mpya inashinda bila mjadala, ingawa wako wanaoilipia ile yenye kosa fedha nyingi zaidi.

Santuri ya Papa

Nilipoifungua foronya nilitazama kwanza sehemu tupu iliyo kati ya mwisho wa mfuo na lebo. Mlikuwa na muhuri wa VAN GELDER, jina la Rudy Van Gelder aliyerekodi na kuchonga sehemu kubwa ya kazi za Blue Note, na kando yake alama ndogo inayofanana na sikio, ambayo ni alama ya kiwanda cha Plastylite. Lebo iliandikwa New York USA. Anwani hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu kampuni ya Liberty iliyoinunua Blue Note mwaka 1966 iliendelea kwa muda kuzitumia lebo zilezile; sikio ndilo linaloonyesha kwamba santuri ilifyatuliwa kabla ya mauzo hayo. Papa alikuwa na toleo la mwanzo la kweli, na hakulijua hilo kwa miaka 60.

Mimi ninalo toleo jipya la albamu hiyo katika mfululizo wa Tone Poet, ambao Blue Note iliuanzisha mwaka 2019 chini ya usimamizi wa Joe Harley. Santuri za mfululizo huo huchongwa na Kevin Gray kutoka kwenye mikanda ya asili, bila kupitia kompyuta, na hufyatuliwa katika kiwanda cha RTI huko California. Tulizilinganisha jioni moja nyumbani kwangu, kwa sindano moja, tukisawazisha sauti kabla ya kila kipande. Hatua hii ya kusawazisha isipuuzwe: santuri iliyochongwa kwa sauti kubwa kidogo huonekana bora kwa sikio hata pale ambapo haina ubora wowote, na ndiyo sababu hukumu nyingi za mezani hazina thamani. Mpwa wangu ndiye aliyekuwa akibadilisha, sisi tumegeukia dirishani.

Katika santuri ya Papa tarumbeta ilikuwa mbele ya spika, yenye makali na pumzi, kana kwamba mpigaji amesimama mlangoni anataka kupita. Piano ilisikika kama iliyofungiwa sandukuni, besi ilikuwepo lakini bila sakafu. Toleo jipya lilifungua chumba kizima: besi ya gambusi kubwa ilikuwa na mwanzo na mwisho wa kila pigo, matoazi yalitoweka polepole badala ya kukatwa, na piano ilitoka sandukuni. Ila tarumbeta ilirudi nyuma hatua moja, na ukali wake ukapungua. Papa, bila kujua ni ipi iliyokuwa ikizunguka, aliipendelea ya zamani katika dakika mbili za mwanzo wa kila upande. Kisha, sindano ilipokaribia katikati, akaanza kuuliza nani anakaanga samaki.

Kaango hilo lina maelezo. Santuri ya mizunguko 33 kwa dakika huzunguka kwa mwendo mmoja, lakini ukingoni sindano husafiri karibu sentimita 50 kwa sekunde na karibu na lebo husafiri sentimita 21 tu, kwa hiyo mawimbi yaleyale ya sauti husongamana katika nafasi isiyofika nusu. Hapo ndipo sindano nzito za zamani, zilizoshuka na gramu kadhaa za uzito wa mkono, zilipokwangua kingo za mifuo, hasa penye tarumbeta za nguvu. Uchakavu huo hausafishiki. Unaweza kuosha vumbi la Katanga likatoka lote, na mfuo ulioliwa utabaki umeliwa.

Kwa jazi ya aina hii, basi, nasema wazi kwamba toleo jipya lililochongwa vizuri ndilo chaguo la kusikiliza. Nakala ya kwanza iliyohifadhiwa bila mkwaruzo ina uhai fulani wa pekee, sikatai, lakini nakala ya namna hiyo huuzwa kwa mamia ya dola, na baadhi, kama ile ya mpiga saksafoni Hank Mobley yenye namba 1568, hufikia maelfu. Mpya huuzwa Marekani kwa dola 30 hadi 40. Nakala ya zamani unayoweza kuipata kwa dola 40 ni ile ya kukaanga samaki.

Maneno yaliyoandikwa kwenye jalada

Hata hivyo neno "toleo jipya" halielezi kitu kimoja. Albamu za Beatles zilitolewa upya kwenye vinaili mwaka 2012 kutoka kwenye mafaili ya dijitali, kisha mwaka 2014 zile za mono, yaani za sauti ya njia moja, zikachongwa upya kutoka kwenye mikanda, katika studio ileile ya Abbey Road. Ni kampuni moja na muziki mmoja, lakini njia ni mbili, na tofauti inasikika hata kwenye vifaa vya kawaida.

Fundisho kubwa zaidi lilitokea Julai 2022. Mobile Fidelity, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1977 na kujijengea jina kwa matoleo ya gharama, ililazimika kukiri, baada ya mwenye duka mmoja wa Phoenix kulifichua jambo hilo, kwamba kwa miaka kadhaa ilikuwa ikinakili mikanda kwa dijitali kabla ya kuchonga, huku wateja wakiamini kwamba njia nzima ni ya analogi. Waliolipa dola 100 na zaidi kwa santuri moja walikasirika, kesi zikafunguliwa, na suala likaishia kwenye makubaliano ya kurudishiwa fedha. Jambo ambalo halikusemwa vya kutosha ni kwamba katika miaka yote hiyo wahakiki wenye vifaa vya bei ya nyumba walizisifu santuri hizo, tena baadhi yao wakazitumia kuonyesha kwamba dijitali haiwezi kamwe kusikika hivyo. Kosa la kampuni lilikuwa kuficha. Sauti yenyewe ilikuwa nzuri, na tangu hapo mimi huulizia kwanza jina la mchongaji na mkanda uliotumika, kisha ndipo naulizia dijitali.

Mengine yanayoandikwa jaladani yanaweza kupitwa upesi. Gramu 180 ni uzito wa plastiki na haziongezi kina cha mfuo. Santuri ya gramu 130 iliyofyatuliwa vizuri husikika sawa, ingawa ile nzito hujipinda kwa shida zaidi, jambo lenye faida kwa safari ya mzigo wa kuja huku. Mizunguko 45 kwa dakika huongeza mwendo wa sindano kwa zaidi ya theluthi moja, na faida yake husikika kwelikweli karibu na lebo, lakini utanyanyuka kubadilisha upande kila baada ya dakika 10 au 12. Kuchonga kwa nusu mwendo, mkanda na sahani vikizungushwa kwa nusu ya kasi yake, ni ufundi halali ambao haumwokoi mchongaji asiye na mkanda mzuri.

Muziki wa nyumbani

Sasa nije kwenye santuri ambazo wengi wetu tunazo kweli, zile zilizokaa chini ya vitanda vya baba zetu katika komini za Kenya na Kamalondo hapa mjini, na huko Likasi.

Lebo ya Ngoma ilianza Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1948, zikafuata Opika na Loningisa, na zote zilitoa kazi zao za mwanzo kwenye santuri za shelaki, zile ngumu za kuvunjika, za mizunguko 78. Huku kwetu, Mwenda Jean Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo, na gitaa lake likasambazwa kwenye santuri za Gallotone kutoka Afrika Kusini hadi nchi ya Kenya na mbali zaidi. Rekodi za Tracey zina bahati, kwa sababu alianzisha maktaba ya muziki, ILAM, ambayo inazihifadhi hadi leo nchini Afrika Kusini. Toleo jipya linalotoka kwenye hazina hiyo lina chanzo kinachojulikana.

Sehemu kubwa ya muziki wetu haina bahati hiyo. Kampuni zilifungwa, maghala yakahamishwa, mikanda ikafutwa ili irekodiwe mengine au ikaoza. Pale mkanda usipokuwepo, mtoaji wa leo hutafuta santuri ya zamani iliyo safi kuliko zote, huinakili kwenye kompyuta, huondoa mikwaruzo, kisha huchonga upya. Maana yake ni kwamba santuri iliyo chini ya kitanda cha baba yako ndiyo chanzo, na toleo jipya ni mtoto wake. Hapo ndipo ushauri unaosomwa kwenye magazeti ya Ulaya, kwamba toleo jipya liko karibu zaidi na mkanda, unapokosa mguu wa kusimamia.

Ubora wa mtoto huyo hutegemea mkono uliomlea. Programu za kuondoa kelele, zikitumiwa kwa pupa, hudhani kwamba kucha inayogusa uzi wa gitaa ni mkwaruzo, na huifuta. Nimewahi kununua toleo la namna hiyo, lebo yake siitaji, ambamo gitaa la Katanga lilisikika kama linapigwa chini ya blanketi. Kelele zilikuwa zimekwisha kweli, na vidole vilikuwa vimekwenda nazo. Watoaji wazuri huacha kelele kidogo makusudi. Lebo ya Planet Ilunga ya Ubelgiji, ambayo imerudisha kwenye vinaili kazi za African Jazz na OK Jazz, ni miongoni mwa zile ninazozinunua bila wasiwasi, na pia kwa sababu ya maelezo ya kina yanayoambatana na santuri zake.

Je, mtu mwenye shelaki ya mizunguko 78 aachane na matoleo mapya? Hapana, isipokuwa awe na vifaa vyake. Mfuo wa shelaki ni mpana, na unahitaji sindano ya mikroni 75 hivi. Sindano ya kawaida ya vinaili, yenye mikroni 18 hadi 25, hukwaruza chini ya mfuo na kuokota uchafu. Pia kabla ya mwaka 1954, sauti ilipoanza kusawazishwa kwa kanuni moja ya RIAA, chama cha kampuni za santuri cha Marekani, kila kampuni ilipunguza besi na kuongeza sauti za juu kwa kipimo chake, kwa hiyo amplifaya ya leo huzipiga santuri hizo zikiwa kavu au zikiwa zimeziba. Fundi wa toleo jipya anayejua vipimo hivyo atakupa Mwenda aliye karibu zaidi na Mwenda kuliko utakayempata wewe kwa gramafoni ya kuunga-unga. Tena shelaki haina msamaha: ikiponyoka mkononi imekwisha.

Kwa santuri ndogo za mizunguko 45 za miaka ya 1960 maoni yangu ni tofauti. Kabasele, kiongozi wa African Jazz, alipoanzisha lebo yake ya Surboum African Jazz mwaka 1960 alishirikiana na kampuni ya Fonior ya Ubelgiji, na kazi alizorekodi Brussels mwaka huo zilipita kwenye studio na viwanda vyenye uwezo sawa na wa Ulaya nzima. Nakala safi ya santuri za aina hiyo, ikipigwa kwa sindano nzuri, ina sauti za waimbaji zilizo hai kuliko mkusanyiko wowote mpya niliousikia. Tatizo ni neno "safi". Nyingi zilizunguka kwenye baa usiku kucha chini ya sindano zisizobadilishwa, na kati ya kumi utakazochukua mkononi katika soko la Mzee Kabila, moja ikikupa upande mzima bila kaango, nunua. Kama ni ya mono, bonyeza kitufe cha mono kwenye amplifaya ikiwa unacho, kwa kuwa muziki wa mono umechongwa kwa kwenda kando na kando peke yake, na kelele inayotokana na mwendo wa sindano kupanda na kushuka hujifuta. Kitufe hicho kimeokoa santuri nyingi kuliko sabuni.

Kwa albamu ndefu za miaka ya 1970 na 1980, nyimbo za kucheza zilizojaza upande mzima, mara nyingine zikipita dakika 20, mchongaji alilazimika kupunguza sauti ili mifuo itoshe. Toleo jipya lililogawanywa katika santuri mbili, kutoka kwenye mkanda, litaipita ya zamani. Lililogawanywa kutoka kwenye sidii litakuwa pana na tupu.

Jihadhari na santuri mpya zisizotaja mchongaji, chanzo wala mwenye haki. Nyingi ni nakala za mafaili ya intaneti, na warithi wa wanamuziki hawapati hata faranga.

Umeme, vumbi na sindano

Kuna jambo ambalo msikilizaji wa Tokyo au London halimhusu. Gramafoni nyingi za ukanda hutumia mota inayofuata mawimbi ya umeme, ambayo kwetu ni 50 kwa sekunde. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika ukawasha jenereta ndogo ya petroli, mawimbi hupanda na kushuka kila friji ya jirani inapojiwasha, na wimbo nao hupanda na kushuka. Katika hali hiyo hakuna ulinganisho wa toleo la kwanza na toleo jipya unaoweza kufanyika, unalinganisha jenereta. Gramafoni yenye mota ya umeme wa betri, iliyounganishwa na betri na inveta nzuri, au ile yenye kidhibiti chake cha mwendo, itakupa faida kubwa kuliko santuri ya dola 150.

Vumbi jekundu la kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa hufanya kazi ya msasa. Brashi ya nyuzi za kaboni kabla ya kila upande, na kuosha kwa maji yaliyochujwa penye santuri za kununuliwa sokoni, ni lazima. Joto nalo halisamehe: vinaili huanza kulegea karibu na nyuzi 60, na kontena lililofungwa likisubiri juani mpakani Kasumbalesa hufika joto hilo bila taabu, kwa hiyo santuri mpya ya bei kubwa ni afadhali iletwe kwenye mkoba wa ndugu anayerudi kwa ndege.

Mwenye dola 120, anayetumia bado sindano ya miaka ya nyuma, namshauri aanze na sindano. Toleo la kwanza lililokwanguliwa na sindano za zamani katika tabaka moja la mfuo huweza kushangaza likipigwa na sindano yenye ncha nyembamba, inayogusa tabaka ambalo ile nene haikuwahi kulifikia. Tulifanya hivyo na santuri ya Papa wiki iliyofuata, kwa sindano niliyoazima kwa rafiki wa Kampemba. Samaki hawakuondoka wote, ila waliondoka mezani wakabaki jikoni.

Papa hakuuza. Alimwandikia yule mtu wa Ulaya kumshukuru, akanipa fedha za toleo jipya ili shemeji yangu alilete kutoka Brussels mwezi wa kumi na mbili, na ile ya zamani ameirudisha kwenye foronya. Kisha alirudi tena na kisanduku cha mbao chenye santuri 11 za shelaki, mbili zikiwa za Gallotone, na moja ina ufa unaoanzia ukingoni na kuishia kabla haujaufikia mfuo wa kwanza. Sijaipiga bado. Sindano ya mikroni 75 niliyoagiza iko njiani.